Kukodi gari Mombasa: usitume hiyo nusu

Mkuu uliyeuliza kuhusu kukodi gari Mombasa, huyo dalali anayetaka umtangulizie nusu ya hela, usimtumie. "Gari lina bima kubwa, tanguliza nusu nikushikie" ndiyo maneno niliyoambiwa na mimi na dalali mmoja wa Nyali, kijana mtanashati, salamu zake tamu mpaka unaona haya kumuuliza maswali.

Bima kubwa, ile inayolipa mpaka uharibifu wa gari lenyewe, ilikuwepo kweli. Ila cheti kimeandikwa gari la matumizi binafsi! Kenya gari la kukodisha linatakiwa likatiwe bima ya kukodisha. Ukilikodi lenye bima ya binafsi, siku ya ajali kampuni ya bima ina sababu ya kukugomea. Hayo niliyajua nikiwa nimesimama Kongowea, jua la saa nane, tuktuk imenichuna kuanzia taa ya nyuma mpaka mlango wa mbele, na dereva wake ameshayeyukia sokoni. Nikaenda polisi kuchukua abstrakti, ile karatasi yao ya kuthibitisha ajali, nikampigia dalali. Simu ya kwanza niliitwa "kaka". Ya pili, "mteja". Ya tatu haikupokelewa. Akanipigia mwenye gari, mzee ambaye sijawahi kumtia machoni, anadai mlango, taa, rangi, na hela ya kila siku ambayo gari litalala gereji, eti ndilo linalomlisha. Dhamana yangu ikamezwa yote na bado nikaongeza juu. Mpaka leo tukipishana na tuktuk mke wangu ananiuliza kama ni ile ya jamaa yangu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, dai picha ya cheti cha bima, usome palipoandikwa matumizi ya gari. Siku hizi vyeti vya Kenya ni vya kidijitali, kwa hiyo asikwambie "kimebaki ofisini". Kiasi utakachobeba mwenyewe hata bima ikilipa kiandikwe kwenye mkataba. Maneno ya mdomoni mwachie mwenyewe.

Kuvuka nalo kuja Tanga: kama huna barua ya mwenye gari na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka, usijisumbue kufika mpakani Horohoro. Kwenda Diani unapita feri ya Likoni, na kama foleni inakutia kichefuchefu zunguka na barabara ya Dongo Kundu. Uliuliza na bei ya siku, sijui na gari gani linafaa Shimba Hills... hayo wadau watakujibu. Wewe mwombe dalali wako picha ya cheti sasa hivi, uone atakavyopotea hewani.