Kufunga waya za meno ukiwa mtu mzima, huku kwetu Mwanza

Mdogo wangu wa Sengerema, umeuliza kama kwa miaka 27 umeshachelewa kufunga waya, kama uchukue za chuma au ujichange upate zile za plastiki zisizoonekana, na kama kliniki za kila mara utaziweza ukiwa ng'ambo ya ziwa. Mimi nilifungwa za chuma hapa hapa Mwanza nikiwa tayari na watoto. Meno ya juu yalikuwa yamepandana na chonge moja limetokeza nje. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Hujachelewa. Jino limeshikwa kwenye mfupa wa taya na nyuzi laini, na waya ukilisukuma taratibu, mfupa wa upande linakoelekea unamomonyoka, na upande linakotoka unajengwa mwingine. Mwili wa mtu mzima unaifanya kazi hiyo vizuri tu. Kinachoangaliwa ni fizi na mfupa kuwa na afya. Fizi zikiwa zinatoa damu, au kuna jino limetoboka, hayo yanatibiwa kwanza. Na mtu akitaka kukufunga leo leo bila eksirei ya taya zote, usikubali, hata bei iwe nzuri vipi. Muulize usajili wake wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni haki yako, na daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Kuhusu chuma na plastiki: zile za plastiki zinataka zikae mdomoni kama saa 22 kwa siku, na kila ukila unazivua. Ukizembea, meno hayaendi. Waya za chuma zinafanya kazi hata ukiwa umelala, na kwa meno yaliyopandana sana au yaliyogeuka bado ni chaguo zuri. Mimi nisingebadilisha.

Siku ya kufungwa hakuna sindano. Jino linapakwa asidi kwa muda mfupi, linaoshwa, linakaushwa mpaka ule mng'ao unapotea na kuwa jeupe kama chaki. Hapo ndipo gundi inashika. Kibati kidogo kinabandikwa, kinamulikwa taa ya bluu, wanahamia jino linalofuata. Waya wa kwanza ni mwembamba, wa nikeli na titani, ambao ukipindwa unajirudisha wenyewe, na huko kujirudisha ndiko kunakovuta meno. Zile ngumu za chuma cha pua zinakuja baadaye.

Maumivu yanaanza saa chache baadaye. Usiku wa kwanza na siku ya pili hata wali unauma. Kula uji, ndizi za kupondwa, sato wa kuchemsha. Ndani ya wiki yanapungua. Vibati vikikwangua shavu, omba nta kliniki, ukaushe kibati kwanza kwa kitambaa safi ndipo uibandike, la sivyo inateleza.

Sasa chakula, maana sisi wa Kanda ya Ziwa tuna majaribu yetu. Muwa uusahau mpaka waya zitoke. Mahindi ya kuchoma uyapukuchue, na hata hivyo si yale yaliyokauka. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, usiitafune mikavu, ipikwe ilainike kabisa. Matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, nayo yananata na kuvuta kibati kikang'oka, na kibati kiking'oka jino lile linasimama wakati wenzake wanasonga. Dagaa wa kukaanga wanalika, lakini vichwa vinajibana nyuma ya waya na huvioni. Nilikuwa nasafisha kwa mswaki wa kawaida, kisha kile kibrashi chembamba kinachopita chini ya waya, kila nikimaliza kula. Soda nazo nakusihi upunguze. Sukari na asidi zikilala pembeni ya kibati, siku kinapotolewa unakuta madoa meupe ya kudumu, meno yamenyooka lakini yana mabaka.

Utakapofika kwenye suala la kung'oa, usishtuke. Meno yakikosa nafasi, daktari anaweza kutoa magego madogo, mara nyingi moja kila upande, juu na chini. Mimi nililia siku niliyoambiwa, kwa sababu yalikuwa meno mazima. Mwombe akuonyeshe kwenye picha nafasi inakosekana wapi na zile pengo zitazibwa na jino gani. Akikueleza ukaelewa, moyo unatulia. Na kama una mwanya wa mbele unaoupenda, sema mapema. Kwetu ni urembo, na unaweza kupangiwa ubaki iwapo nafasi inaruhusu, lakini asipoambiwa ataufunga.

Kliniki ni kila baada ya wiki nne hadi nane, kwa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, wengine zaidi. Hiyo ndiyo hesabu ya kufanya kabla ya bei: nauli, ruhusa kazini, na nani atakuwa anakukazia waya mpaka mwisho. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hukai tena foleni ya kivuko upande ule, na kwa kivuko cha Kamanga bado unavuka moja kwa moja mjini. Ulizia hospitali ya Bugando na kliniki binafsi za mjini, na kokote utakapokwenda uulize kama daktari bingwa wa kupanga meno yupo muda wote au anakuja kwa ratiba. Ukiachwa na waya mdomoni bila mtu wa kuzifuatilia, unaweza kuharibikiwa kuliko ulivyoanza.

Uliza pia kama bei inajumuisha eksirei, kung'oa, na riteina. Riteina ndiyo inayoshikilia meno waya zikitoka, maana mfupa mpya bado haujakomaa na meno yanakumbuka kwao. Mimi bado naivaa usiku. Ioshe kwa maji ya baridi, ya moto yanaipinda, na ukiivua kula iweke kwenye kikopo chake, siyo kwenye tishu mezani.

Ukishapiga eksirei, rudi uandike walichokuambia kuhusu kung'oa, tukusaidie maswali ya kuuliza kabla hujalipa.