Steringi mmoja, wapishi wengi: kwa wewe unayeanza kuhariri filamu

Kijana akija kwangu kujifunza kuhariri, humpa kazi moja kabla hajagusa kompyuta: nenda katazame James Bond. Wengi hucheka. Walitegemea niwaagize filamu za kusomea maandishi chini ya skrini, nami nawarudisha kwa jamaa yuleyule wa suti waliyemwona kibanda umiza wakiwa watoto.

Sababu yangu ni nyepesi. Kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, kampuni ya Eon imetoa filamu 25 za Bond. Bosi anaitwa M, muziki wa gitaa ni uleule, adui ana kisiwa au mlima wake, na steringi hafi (ukiacha ile ya 2021, msinitukane). Mchele na nazi vikiwa vilevile halafu ukabadilisha mpishi, utakachoonja ni mkono wa mpishi.

Usianze kwa kuuliza mwongozaji gani ni bora. Ubishi huo nimeufanya vijiweni miaka mingi na haujaniongezea kitu. Chukua jambo moja tu, tuseme ngumi, kisha uone kila mmoja alivyolipika.

Anza na From Russia with Love ya 1963, ya Terence Young. Bond na muuaji aitwaye Grant wamo ndani ya chumba cha treni ambacho hata kupishana ni taabu. Kabla ya hapo wamekula pamoja, Grant akaagiza mvinyo mwekundu na samaki, na Bond akawa ameshaona kasoro. Young anakuacha ukae na hofu hiyo muda mrefu, wanaongea tu, mmoja kashika bastola. Ngumi zinapoanza hakuna muziki. Unasikia treni, mbao, pumzi. Mwanga umebaki wa buluu, na kila picha inapokatwa imekatwa kwa sababu: mkono umefika, mtu ameanguka, kiatu kimegonga ukuta. Itazame mara tatu, na ya tatu zima sauti.

Kisha nenda You Only Live Twice ya 1967, ya Lewis Gilbert. Bond anakimbia juu ya paa bandarini Kobe huku watu wakimjia kila upande. Mwingine angesogeza kamera karibu. Gilbert aliiweka kwenye helikopta akaivuta nyuma, juu zaidi na zaidi, hadi wapiganaji wakawa kama sisimizi. Ngumi hazionekani vizuri, lakini unaona upweke wa mtu yule na ukubwa wa paa. Gilbert alipenda ukubwa. Filamu hiyohiyo ndiyo yenye pango la volkeno lililojengwa kwenye studio za Pinewood na mbunifu wa mandhari Ken Adam kwa karibu dola milioni moja, bajeti iliyokaribia ya Dr. No nzima. Ukiniuliza, nitasema Gilbert alitengeneza filamu moja mara tatu: mara chombo cha anga kinamezwa, mara nyambizi zinamezwa, mara tunahamia angani kabisa. Lakini paa lile la Kobe namheshimu.

Ya tatu ni Skyfall ya 2012, ya Sam Mendes, mtu aliyetoka kwenye jukwaa la tamthilia. Ghorofani Shanghai, Bond na muuaji wanapigana wakiwa vivuli vyeusi mbele ya matangazo ya taa, na kamera ya mpiga picha Roger Deakins imetulia inawatazama tu. Mtu wa jukwaa anaamini miili ya waigizaji. Ndiyo maana hata adui wake, Silva, anatoka kwenye lifti mbali kabisa na kutembea kumjia Bond huku akisimulia kisa cha panya, na hakatwi mpaka afike. Mhariri wa pale alifanya kazi ngumu kuliko zote: kuondoa mkono kwenye kibodi.

Hapo nikiri kosa langu. Quantum of Solace ya Marc Forster ilitoka 2008, ikifunguka na magari yanayofukuzana kando ya Ziwa Garda, shoti fupifupi mno. Nilipagawa. Wiki chache baadaye nikapewa pambano la dakika moja kwenye filamu ya mtu, nikalikatakata kama kachumbari. Nikamwonyesha mzee mmoja wa kazi, aliyeanza enzi za mikanda. Akatazama kimya, akauliza, “Mwanangu, hapa nani kampiga nani?” Nikarudisha nyuma ili nimwonyeshe. Na mimi sikujua.

Kwa haki ya Forster, alifanya kazi kipindi cha mgomo wa waandishi wa Hollywood, na mswada haukuwa umekaa sawa. Kuna siku utaletewa kazi ya namna hiyo na utaambiwa uifiche kwa kasi. Kasi haifichi kitu.

Jambo jingine: jina la mwongozaji kwenye bango lisikudanganye. The Spy Who Loved Me ya 1977 ni ya Gilbert, lakini ule mruko unaoifungua haukupigwa naye. John Glen, mhariri wa filamu hiyo, ndiye aliyepelekwa na kikosi cha pili (kile kinachopiga picha bila mwongozaji mkuu) hadi Mlima Asgard, kisiwa cha Baffin, Kanada. Rick Sylvester, aliyeruka badala ya steringi, alishuka kwa ski akapitiliza ukingo wa jabali. Muziki unakatika. Ski zinaachia, mtu anadondoka, anadondoka, nawe unaanza kujiuliza kama kuna hitilafu. Ndipo parachuti ya bendera ya Uingereza inafunguka. Kamera kadhaa zilitegwa, na ni moja tu iliyompata vizuri. Mtu mwenye haraka angeufupisha ukimya ule.

Glen baadaye aliongoza filamu tano mfululizo, 1981 hadi 1989, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Kabla yake Peter Hunt, aliyekata filamu za mwanzo pamoja na lile pambano la treni, alikabidhiwa On Her Majesty's Secret Service ya 1969. Wote wawili walitoka chumba cha kuhariria. Ndiyo, navutia kwangu, na sioni aibu.

Martin Campbell hakupitia njia hiyo, lakini usimruke. Ndiye aliyeitwa kila mlango ulipokuwa umekwama: 1995 kumtambulisha Pierce Brosnan baada ya miaka sita ya ukame, na 2006 kumleta Daniel Craig kwenye Casino Royale. Tazama mbio za eneo la ujenzi. Anayekimbizwa anapenya kidirisha kidogo kama paka. Bond anafika palepale, anapita katikati ya ukuta. Hakuna aliyesema neno, na umeshajua Bond huyu ni mtu wa aina gani.

Zoezi lako wiki hii: For Your Eyes Only, ya 1981, ya Glen, pale Bond anapopanda jabali la Meteora, Ugiriki. Andika kila panapokatwa, na sababu yake kwa neno moja. Usipopata neno, weka alama ya kuuliza uniletee. Kuna mahali, kimya kimetanda, njiwa anamrukia usoni. Glen aliweka ndege wa kushtua karibu kila filamu yake. Ni mchezo wa kitoto, na mimi najua fremu anayotokea.

Bado huwa nashtuka.