Bungo halina mwenyewe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni mmea gani wa mwituni, usiopandwa na mtu, ambao kwetu bado huliwa, hutiwa katika mchuzi au huchemshiwa chai. Kwa sisi wa kaskazini ya Pemba jibu langu ni mbungo. Najua wengi watataja mchaichai, ambao kwa kweli tunaupanda wenyewe nyuma ya nyumba, au mkarafuu, ambao uliletwa visiwani katika karne ya 19 na leo ndio unaobeba jina letu lote. Mnavu hujiotea, nao hupikwa kwa tui ukapendeza, lakini ni mboga ya bara na pwani nzima.

Mbungo hausimami peke yake, bali hupanda juu ya miti ya msitu kama ule wa Ngezi mfano wa kamba nene, na ukiukata hutoa utomvu mweupe unaonata vidoleni hata sabuni ikashindwa. Tunda likiiva huwa na rangi ya chungwa, na ndani mna kokwa zilizovikwa nyama yenye nyuzi, chachu, ambayo watoto huifyonza kwa chumvi na pilipili.

Marehemu bibi yangu hakulikata bungo kwa kisu. Aliligonga juu ya jiwe hadi gamba likapasuka, akazitia kokwa katika bakuli la maji, akaziacha zilainike, kisha akazifikicha kwa mkono mpaka nyama ikaachana nazo. Alichujia kung'uto lile lile la tui, kwa hiyo juisi yake ilikuwa na harufu ya nazi kwa mbali. Sukari alitia, ila iliki hakutaka hata kuisikia, na mimi naona alikuwa na haki, kwani bungo lina harufu yake ya kutosha.

Linaloniudhi ni kwamba, kwa kuwa mbungo hauna mwenyewe, baadhi ya wachumaji huona wepesi kulikata shina na kuuvuta chini kuliko kuparamia, na mabungo yanafika sokoni hayajaiva. Mwaka jana nilizifukia kokwa chache chini ya mwembe wangu. Tatu zimeota, na mmoja umeshaanza kuukumbatia mwembe, kwa hiyo mkirudia swali hili baadaye, huenda nikawa sistahiki tena kulijibu.