Tarumbeta Nne Chini ya Kitanda: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Barua za safari hii zimekuja kwa mkupuo, na karibu zote zinahusu wapiga tarumbeta, tromboni na tuba ambao nyumba zao zimejaa ala. Nimechagua tano na kuzifupisha. Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe ninazo tatu, kwa hiyo msomaji anayetafuta hakimu asiye na upande huenda amebisha hodi nyumba siyo.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mume wangu hupiga tarumbeta katika bendi ya harusi, na Jumapili hupiga kanisani. Tulipooana alikuwa na tarumbeta moja, sasa zipo nne chini ya kitanda, na tangu mwezi uliopita anadunduliza fedha za ya tano, ambayo ni ndogo kuliko zote na anasema haiepukiki. Mimi nikizitazama naona ni kitu kilekile. Je, mpigaji mmoja anahitaji tarumbeta tano, au ni tamaa tu? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Jibu: Marahaba, mama. Mumeo anasema kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo ndiyo inayomfanya asishindike katika mabishano.

Bomba la shaba lisilo na pistoni, vile vibonyezo vya vidole, halitoi kila sauti. Hutoa sauti chache zilizopangika kama ngazi, ambayo vipandio vyake vya chini vimeachana sana na vya juu vinabanana, na urefu wa bomba ndio unaoamua ngazi hiyo ianzie wapi. Ndiyo maana wapigaji wa zamani, kila wimbo ulipobadilisha ufunguo, walilazimika kuchomeka kipande kingine cha bomba au kushika ala nyingine kabisa. Mwaka 1818 Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali, ambayo pistoni ni aina yake, huko Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati ule, na kuanzia hapo ala moja ikaanza kufanya kazi ya nyingi, kwa sababu kila pistoni ikibonyezwa hufungua kipande cha ziada cha bomba: ya pili hushusha nusu sauti, ya kwanza sauti nzima, na ya tatu sauti moja na nusu.

Kwa hesabu hiyo tarumbeta moja ingetosha, na ukiishia hapo utakuwa umeshinda kesi. Lakini kupatikana kwa sauti si sawa na kupatikana kwake kwa urahisi. Tarumbeta ya kawaida ya B flati (herufi hutaja sauti ambayo ala imejengwa juu yake) ina bomba la karibu mita 1.4, na mpigaji anapopanda juu sana nayo anafika mahali ambapo vipandio vimebanana kiasi kwamba midomo ikikosea kidogo tu anaangukia sauti ya jirani. Tarumbeta pikolo, ambayo bila shaka ndiyo hiyo ndogo inayomnyima mumeo usingizi, ina bomba la nusu ya urefu huo, kwa hiyo sauti zilezile za juu hukaa mahali ambapo vipandio bado vimeachana. Haimwongezei mpigaji pumzi wala haimpunguzii uchovu wa midomo, jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Inachompa ni uhakika wa kulenga. Mfaransa Maurice André, aliyefanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe akiwa kijana, ndiye aliyeifanya ala hiyo ijulikane duniani kwa kupigia muziki wa zama za mtunzi Bach, ambao awali uliandikwa kwa tarumbeta ndefu zisizo na pistoni.

Katika okestra, basi, kumiliki ala nyingi ni sehemu ya kazi. Wapigaji wa Marekani na Ufaransa hutumia zaidi tarumbeta ya C, wa Ujerumani na Austria hutumia zile zenye vali za kuzunguka, na kipande cha tarumbeta na okestra alichokitunga Haydn mwaka 1796 kwa ajili ya mpigaji Anton Weidinger wengi leo hukipiga kwa tarumbeta ya E flati. Mtu wa okestra mwenye ala tano hajafanya anasa yoyote, kama vile fundi seremala asivyolaumiwa kwa kuwa na patasi tano.

Ila mumeo hapigi katika okestra. Harusi za Tanga na nyimbo za kanisani hupigwa kwa B flati kutoka mwanzo hadi mwisho, na sijasikia bwana harusi aliyedai Bach. Mwulize kwa upole maswali mawili: ni ipi kati ya hizo nne hajaipuliza mwezi huu, na pikolo ataipiga katika wimbo gani, siku gani. Akiwa na jibu la swali la pili, mwache anunue. Asipokuwa nalo, auze ile aliyoitaja katika swali la kwanza. Kwa maoni yangu mpigaji wa bendi anahitaji mbili: tarumbeta yake ya kazi, na flugelihoni kwa nyimbo za taratibu, kwa kuwa bomba lake hupanuka polepole kuelekea mbele na sauti yake hutoka laini, yenye kiza kidogo. Kama anachotafuta ni ladha nyingine ya sauti tu, ajaribu kwanza kubadilisha kipulizio, maana kikombe kile kidogo kinachogusa midomo hubadilisha mengi kwa bei ndogo.

Swali: Binamu yangu anakusanya ala za shaba na amekataa kupokea saksafoni niliyotaka kumpa, eti si ya shaba. Nimeiangalia vizuri, ni ya shaba tupu. Nani mkweli? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Binamu yako, ingawa angeweza kuipokea kwa adabu. Jamaa ya ala hizi hutambulishwa na kinachotetema. Katika tarumbeta ni midomo ya mpigaji, katika saksafoni ni kipande chembamba cha tete, kwa hiyo saksafoni ni ndugu wa klarineti hata ingetengenezwa kwa dhahabu. Sisi wa pwani tuna mfano mzuri zaidi: siwa, lile baragumu la sherehe, ya Lamu ni ya shaba na siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, lakini zote mbili hupulizwa kwa midomo kupitia tundu la ubavuni, na kwa hiyo ni za jamaa moja. Adolphe Sax mwenyewe, Mbelgiji aliyebuni saksafoni, alitengeneza pia jamii nzima ya ala za shaba zinazoitwa saksihoni, na hizo binamu yako hatazikataa.

Swali: Ni mwanamuziki gani mwenye ala nyingi za shaba kuliko wote, na anazifanyia nini? (Mwanafunzi, Arusha)

Jibu: Sitakutajia bingwa, kwa kuwa mashindano ya idadi hayanivutii, lakini nitakutajia watatu wa kuwafahamu. Joe Utley alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo huko Marekani na pia mpiga tarumbeta. Yeye na mkewe Joella walikusanya ala zaidi ya 600, ambazo sasa ziko katika jumba la makumbusho la muziki mjini Vermillion, jimbo la South Dakota. Vincent Simonetti, mpiga tuba aliyefungua duka la tuba mjini Durham, North Carolina, amekusanya zipatazo 300 za jamii hiyo peke yake. Nakuomba utafakari ukubwa wa jambo hilo: tuba ya B flati iliyo kubwa, ikinyooshwa, ina bomba la zaidi ya mita tano.

Wa tatu ndiye ninayemhusudu. Edward Tarr, Mmarekani aliyefanya kazi Ulaya na kufariki mwaka 2020, aliliongoza jumba la makumbusho ya tarumbeta la Bad Säckingen, Ujerumani, tangu 1985 hadi 2004. Tofauti yake na mkusanyaji wa kawaida ni kwamba alizisikiliza ala. Tarumbeta ndefu zisizo na pistoni alizirudisha jukwaani, akafundisha wengine kuzipiga, na kutokana na kazi ya watu wa aina yake leo tunajua muziki wa karne ya 17 na 18 ulisikikaje. Mwanamuziki anapokusanya kwa namna hiyo, kila ala humjibu swali ambalo nota zilizoandikwa haziwezi kulijibu. Chukua ofikleidi, ala kubwa yenye vibonyezo iliyosajiliwa Paris mwaka 1821. Tuba, iliyopata hataza Berlin mwaka 1835, iliisukuma nje ya okestra polepole, na anayetaka kujua watunzi wa wakati ule walikuwa wakisikia nini vichwani mwao hana budi kuipata moja na kuipuliza.

Swali: Kaka yangu aliyeko Uingereza ameniletea korneti (ndugu mfupi wa tarumbeta) ya zamani, nzuri mno, imechorwa maua kwenye kengele yake, ule mdomo mpana wa mbele. Kila nikiipiga pamoja na kinanda cha umeme inakuwa juu, na fundi mmoja amependekeza kukata na kuunganisha upya. Nifanyeje? (Mpigaji wa kwaya, Mombasa)

Jibu: Mzuie fundi huyo kwanza, tuzungumze baadaye. Korneti yako pengine haina kasoro. Kinanda chako kimepangwa kwa kipimo cha mitetemo 440 kwa sekunde kwa sauti ya A, kipimo kilichopendekezwa na mkutano wa kimataifa mjini London mwaka 1939, lakini bendi za shaba za Uingereza ziliendelea na kipimo chao cha juu, cha takriban 452, hadi miaka ya 1960. Tofauti hiyo ni karibu robo sauti, kiasi cha kutosha kumkunjisha uso mchungaji.

Ili kuishusha unahitaji kuongeza takriban sentimita 4 za bomba, na kwa kuwa bomba la kuwekea sauti, lile linalovutwa nje na kurudishwa, lina miguu miwili, ukilivuta sentimita 2 umefika. Kisha vuta kidogo sana mabomba ya pistoni zote tatu, la sivyo sauti zinazotumia pistoni zitabaki juu wakati ile ya wazi imekaa sawa. Kama bomba la kuvuta ni fupi mno, fundi akutengenezee lingine refu la kubadilisha, na lile la asili ulihifadhi ndani ya sanduku bila kuligusa. Mshukuru kaka yako kwamba hakukuletea tuba ya kipimo hicho, kwani ingehitaji kuongezewa karibu sentimita 15.

Maua usiyasugue. Najua nyumbani tunang'arisha sinia kwa ndimu na majivu, lakini asidi ya ndimu huila zinki iliyomo katika shaba ya manjano, na majivu huyalaza maua hayo kidogo kidogo hadi yatoweke. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha. Ukiona madoa mekundu yanayotokea kama vipele, hiyo ni dalili kwamba zinki imeanza kutoka na shaba nyekundu imebaki peke yake, na katika hewa ya chumvi ya Mombasa hali hiyo haikawii kuenea.

Swali: Nimepiga muziki wa dansi kwa miaka mingi. Ninazo tarumbeta tatu, tromboni mbili, korneti na eufoniamu, ile iliyo kama tuba ndogo. Midomo imechoka, na wajukuu hawapendi. Zimekaa kabatini miaka minane. Nizipeleke wapi? (Mzee wa bendi, Dar es Salaam)

Jibu: Shikamoo, Mzee. Kabla ya kuzipeleka popote, zifunguliwe. Mafuta ya pistoni yaliyokauka hugeuka gundi, na miaka minane inatosha kuzigandisha. Asitokee kijana wa kuvuta kipulizio kilichokwama kwa koleo, kwa kuwa kuna kifaa maalumu cha kazi hiyo. Pistoni zikitolewa zirudi kila moja katika tundu lake, kwa namba zilizochongwa juu yake.

Ndani pia zisafishwe kabla ya mtu mwingine kuzipuliza. Mwaka 2010 madaktari wa Connecticut, Marekani, waliandika habari za mpiga tromboni aliyekohoa kwa takriban miaka 15, na walipoichunguza ala yake wakakuta bakteria na ukungu ndani ya bomba. Alipoanza kuisafisha mara kwa mara, kikohozi kikaondoka.

Kuhusu mahali pa kuzipeleka, sishauri jumba la makumbusho, maana ala zako si za kutazamwa. Mwaka 1956 Louis Armstrong aliituma tarumbeta yake Johannesburg, kwa bendi ya vijana iliyoanzishwa na padre Trevor Huddleston, yule yule aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Masasi, na ikaishia mikononi mwa Hugh Masekela, aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi. Tafuta bendi ya shule au ya kanisa yenye mwalimu anayejua kufundisha, kwa sababu bendi yenye hamu lakini isiyo na mwalimu itazirudisha kabatini. Toa tarumbeta mbili na tromboni moja kwanza, uone zinavyotunzwa kabla ya kutoa zilizobaki.

Na kabla hazijatoka mlangoni, Mzee, andika kwa kila ala karatasi moja: namba iliyochongwa kwenye pistoni au kengele, mwaka ulioipata, bendi ulizopigia, na nyimbo zilizorekodiwa nayo kama zipo. Ikunje uiweke ndani ya sanduku lake, chini ya kitambaa. Nakala ya pili tuma kwetu, kama hutajali. Ningependa kujua ile eufoniamu ilifikaje katika bendi ya dansi.