Dawa hakuna zahanati, nani ajibu bungeni?

SWALI: Zahanati ya kijiji chetu huishiwa dawa kila mara. Mbunge aliuliza bungeni, akaambiwa fedha zitatengwa "kadiri zitakavyopatikana". Tufanyeje? – Msomaji, Singida

JIBU: Swali pana huzaa jibu la namna hiyo. Mpeni mbunge vielelezo: jina la zahanati, dawa zilizokosekana, tarehe, na nakala ya oda iliyopelekwa Bohari ya Dawa (MSD). Kamati ya usimamizi ya zahanati, ambamo wananchi wana wawakilishi, ndiyo yenye kumbukumbu hizo. Aulize kiasi kilichoidhinishwa na kilichopokelewa hasa, maana bajeti kupitishwa si fedha kufika. Hapo ndipo wananchi huumizwa.

Swali liende TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), inayosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Hospitali za rufaa za mikoa ziko Wizara ya Afya. Muulizaji ana maswali mawili ya nyongeza: moja lidai tarehe ya fedha kufika.

Someni pia ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu halmashauri yenu. Huwasilishwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida Aprili, na hoja zake hufuatiliwa na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Diwani naye abanwe kwenye Baraza la Madiwani. Bajeti ya halmashauri hupitishwa pale.