Barua kwa mwanangu aliyeanza kazi ya programu Kisumu

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako. Unauliza kama ni haki kuendelea kula mshahara wa watu huko Kisumu ilhali huelewi hata robo ya mfumo uliokabidhiwa, na kama si afadhali ujiuzulu kabla hawajakugundua. Usijiuzulu. Waliokuajiri waliona vyeti vyako na wakakufanyia usaili. Wanajua fika kwamba umetoka chuoni juzi, kwa hivyo hakuna siri ya kugunduliwa.

Chuoni mliandika programu ndogo kwa lugha ya Java zilizoanza na kuisha mikononi mwenu. Hapo kazini umekuta mfumo ulioandikwa kwa PHP, lugha nyingine ya programu, na watu wengi kwa miaka, baadhi yao wameshaondoka bila kuacha maelezo. Mimi niliyetunza mifumo ya sako (vyama vya akiba na mikopo) hapa Nakuru kwa muda mrefu ningeingia humo nikapapasa vilevile. Kinachokuchosha ni kutaka kuuelewa wote kwa mpigo, faili baada ya faili.

Umesema mfumo huo unakusanya bili za maji kwa M-Pesa. Basi fuata malipo ya mteja mmoja tu, tangu anapobonyeza kitufe cha kulipa. Seva yenu inatuma ombi kwa Daraja, lango la Safaricom la waandishi wa programu; simu ya mteja inamtaka aweke PIN; kisha jibu linarudi kwenye anwani mliyoitaja katika ombi. Ndani ya jibu hilo mna sehemu iitwayo ResultCode: ikiwa ni 0, malipo yamepita; ikiwa ni 1032, mteja ameghairi. Tafuta mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu yenu, unaosoma namba hiyo. Ukiupata, jiulize bili hubaki katika hali gani iwapo jibu halikufika kwa sababu seva yenu ilikuwa imezima, na kama, jibu lilelile likiingia mara mbili, mteja ataandikiwa malipo mara mbili. Kila jibu huja na CheckoutRequestID, alama inayotambulisha ombi lake, kwa hivyo angalia kama msimbo wenu unaikagua kabla ya kugusa hifadhidata. Majaribio yote yafanyie katika mazingira ya majaribio ya Daraja, kamwe si kwa fedha za wateja. Ukimaliza safari hiyo moja utakuwa umepita katika sehemu nyingi za mfumo, na pengine utakuwa umekuta hitilafu ambayo wakubwa wako hawajaiona.

Kuuliza kusikutie haya, ila uliza ukiwa umejiandaa: eleza ulichojaribu, ulichotarajia na kilichotokea, na uambatishe ujumbe wa hitilafu mzima, si kipande chake. Kabla ya hapo soma historia ya faili katika Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, maana mara nyingi aliyebadilisha mstari aliandika sababu yake. Usikae na tatizo moja kutwa nzima kwa kiburi. Na hiyo akili mnemba mnayoitumia (siichukii, hata mimi huiuliza mambo), usiingize kazini mstari wake wowote usioweza kumweleza mwenzako.

Kuhusu hofu ya kufutwa, kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema muda wa majaribio usizidi miezi 6, na unaweza kuongezwa kwa miezi isiyozidi 6 mingine ukikubali wewe mwenyewe. Katika muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi isiyopungua siku 7, au mwajiri akulipe mshahara wa siku 7 badala ya notisi. Wakiona hufai, basi, njia wanayo, nawe huna haja ya kuwatangulia. Mwombe msimamizi wako mkutane wiki hii, akwambie hasa anatarajia uweze kufanya nini muda huo ukiisha, na umwombe ayaweke hayo kwa maandishi.

Ni mimi babako.