Nirekodije kinanda bila kufilisika?

SWALI: Habari zenu, niko Ujiji hapa Kigoma, nina kinanda cha umeme cha vitufe 61, nataka kujirekodi nikifanya mazoezi ila simu inabeba kila kitu, mpaka jogoo wa jirani na mvua kwenye bati. Ninunue maiki gani ya bei poa?

JIBU: Maiki ya nini tena ndugu yangu, hela hiyo iache kwanza. Kinanda kina tundu la hedifoni si ndio? Basi sauti itoe hapohapo kwa waya, uingize kwenye kidude cha USB cha kupeleka sauti kwenye kompyuta, mfano Behringer UCA202, hapo jogoo awike mvua inyeshe haviingii hata kidogo, halafu rekodi na Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi sauti, ya bure hiyo. Volyumu usifungulie yote, ikizidi sauti inakwaruza na kuirekebisha baadaye ni kazi bure. Na usidanganywe na waya wa USB wa kinanda chenyewe, vingi vinapitisha MIDI tu, yaani kitufe gani umebonyeza na kwa nguvu gani, sauti yenyewe hamna. Kompyuta huna? Simu hiyohiyo iweke mbali kidogo na spika, juu ya kitenge kilichokunjwa maana meza ikitikisika nayo inasikika, ila hapo mvua itabidi uisubiri ikatike.